Mtu wa Karatasi na deni lililobaki

Kilichonipeleka Embu hakikuwa mpira. Nilikwenda kwa khitma ya ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, aliyetoka Mombasa akiwa kijana na kwenda kuuza kanga na vikoi huko bara, akaoa, akazaa, akazeeka, na mwisho akazikwa huko huko. Watu wa pwani tunaijua Embu kwa mambo mawili: muguka unaoteremshwa kwa magari hadi kwetu, na baridi. Mimi naongeza la tatu, nalo ni njia yake. Kabla hujafika unapita kati ya mashamba ya Mwea, unakotoka ule mchele tunaoupikia pilau, maji yametanda kushoto na kulia kama pwani wakati wa bamvua, na mbele yako, siku ikiwa ya uwazi, umekaa Mlima Kenya na theluji yake.

Baada ya khitma kusomwa na halua na kahawa kupita, bin ami yangu alisimama akafanya ada tunayoijua sote. Aliwauliza waliohudhuria kama yuko mtu anayemdai marehemu, ajitokeze alipwe, au asamehe kwa ajili ya Mungu. Kwa kawaida watu hunyamaza, dua ikasomwa, kila mtu akaenda zake. Siku ile mzee mmoja Mwembu, asiyekuwa Muislamu, aliyekaa nyuma kabisa na kofia yake mkononi, aliinuka akaeleza kwa adabu kwamba miaka mingi iliyopita marehemu alichukua kwake magunia manne ya maharagwe, akalipa mawili.

Watu waliguna. Muda mfupi kabla ya hapo kila mmoja alikuwa akimsifu ami kwa uungwana wake, na zaidi kwa mpira wake, maana ujanani alikuwa winga hodari, na wazee wa mji ule wangali wakizikumbuka chenga zake. Wako walioona kwamba yule mzee amekosa adabu. Lakini bin ami hakuguna. Aliuliza ni kiasi gani, akaingia ndani, akatoka na fedha, akamhesabia mbele yetu sote.

Usiku tuliletewa jiko la makaa chumbani tuote moto, kwani baridi ya Embu haina huruma na mtu wa Mombasa. Kabla hatujalala bin ami alikuja akalitoa nje mwenyewe, akatuonya kwamba moshi wa makaa usioonekana umekwisha kuua watu wengi waliojifungia nalo. Nikiwa nimejifunika blanketi mbili, nikiliwaza deni lile na jiko lile, nilimkumbuka mtu ambaye maisha yake nimeyasoma kwa miaka mingi. Naye alikuwa mchezaji wa mpira, naye alisifiwa mno, naye aliuawa na moshi wa namna hiyo, na deni lake mpaka leo bado linazungumzwa. Mtu huyo ni Matthias Sindelar wa Austria.

Msomaji kijana pengine hajapata kulisikia jina hilo. Lakini katika miaka ya baina ya vita vikuu viwili hapakuwa na fowadi wa kati Ulaya nzima aliyesemwa kuliko yeye, na karne ya 20 ilipofika ukingoni, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa Austria wa karne yote.

Alizaliwa tarehe 10 Februari 1903 katika kijiji cha Kozlov, Moravia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Wacheki na zama zile ilikuwa chini ya ufalme wa Austria na Hungaria. Wazazi wake walikuwa Wacheki maskini. Kama maelfu ya wenzao, walihamia Vienna kutafuta riziki mtoto wao akiwa bado mdogo, wakapanga nyumba Favoriten, mtaa wa wafanyakazi, ambako watoto walicheza mpira wa matambara pekupeku juu ya mawe na vumbi. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu aliyekulia Majengo au Mji wa Kale.

Vita Vikuu vya Kwanza, vile vile vilivyowazoa babu zetu wakawa wapagazi wa Kariokoo, vilimchukua baba yake. Mzee huyo aliuawa mwaka 1917 katika mapigano ya mpakani mwa Italia. Mama alibaki na watoto wanne, huyu wa kiume na dada zake watatu, akawalea kwa kufua nguo za watu. Sindelar alitiwa kwenye kazi ya ufundi wa chuma na makufuli. Mwaka 1918, akiwa na miaka 15, alichukuliwa na klabu ya mtaani kwao iliyoitwa Hertha.

Alikuwa mwembamba kama ufito. Mwaka 1923 aliumia vibaya goti, na zama zile goti likiumia namna ile mchezaji aliambiwa akatafute kazi nyingine. Alipasuliwa, akapona, lakini tangu siku hiyo mpaka alipoacha mpira hakucheza bila kulifunga goti lile kitambaa. Wanaompenda husema kwamba jeraha hilo ndilo lililomfundisha. Kwa kuwa alijua kwamba mguu wake hauwezi kugongana na miguu ya mabeki, alijifunza kutokuwapo pale wanapompiga. Aliusukuma mpira kidogo, akainama huku akaenda kule, akapita mahali ambapo hata paka angefikiri mara mbili. Watu wa Vienna walimpa jina la Kijerumani ambalo maana yake ni mtu wa karatasi. Wengine walisema ni kwa wembamba wake, wengine ni kwa namna alivyopeperuka kati ya walinzi kama karatasi katika upepo.

Mwaka 1924 alihamia klabu iliyoitwa Amateur ya Vienna, ambayo mwaka 1926 ilibadili jina ikawa Austria Vienna. Klabu hiyo ilikuwa tofauti na ile ya mtaani kwao. Ilikuwa ya watu wa mjini, wenye maduka, madaktari, mawakili na waandishi, na wengi katika viongozi wake walikuwa Wayahudi. Alicheza humo maisha yake yote yaliyobaki. Alitwaa nayo ubingwa wa ligi mwaka 1926, na Kombe la Austria mara tano, na Kombe la Mitropa lililoshindaniwa na klabu za Ulaya ya kati, mara mbili, mwaka 1933 na mwaka 1936.

Fainali ile ya 1933 ingali ikisimuliwa. Ambrosiana ya Milan, klabu ambayo leo tunaiita Inter, ilikuwa imeshinda 2-1 kwao Italia. Katika mchezo wa marudiano mjini Vienna, Austria Vienna ilishinda 3-1, na mabao yote matatu yalitiwa na Sindelar, la mwisho zikiwa zimebaki dakika chache tu filimbi ilie. Upande wa pili wa uwanja alikuwapo Giuseppe Meazza, aliyekuwa nyota wa Italia nzima.

Timu ya taifa alianza kuichezea Septemba 1926, dhidi ya Chekoslovakia mjini Prague, na siku hiyo hiyo akafunga. Mwaka huo huo, kwa bahati, huku kwetu Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni. Lakini mambo hayakumwendea sawa. Kocha Hugo Meisl alikuwa mtu wa amri, na mwanzoni mwa 1929 timu ilipopigwa 5-0 mjini Nuremberg alimweka Sindelar kando kwa zaidi ya miaka miwili. Inasimuliwa kwamba siku moja waandishi na wapenzi wa mpira walimzunguka Meisl katika mkahawa wa Ring, wakamshikilia mpaka akasalimu amri. Kama kisa ndivyo kilivyokuwa au kimetiwa chumvi, Sindelar alirudi. Tarehe 16 Mei 1931 Austria iliichapa Scotland 5-0 mjini Vienna, na siku hiyo ikazaliwa timu ambayo Waaustria waliiita timu ya miujiza.

Hebu tazama hesabu yake. Siku nane baadaye waliipiga Ujerumani 6-0 mjini Berlin. Septemba wakaipiga tena Ujerumani 5-0 nyumbani, Sindelar akatia matatu. Uswisi wakaitandika 8-1 kwao Basel. Aprili 1932 ilikuwa zamu ya Hungaria, majirani na watani wao wa jadi, waliokandikwa 8-2, na siku hiyo Sindelar alifunga matatu na kuyatengeneza yale matano mengine. Kwa michezo 14 mfululizo hawakufungwa. Mchezo wao haukuwa wa nguvu. Ulikuwa wa pasi fupi zilizopita chini, mtu kwa mtu, kama wazee wanaosukuma kete za bao pale barazani, kila mmoja akijua mwenzake atafanya nini. Desemba 1932 walikwenda London kupambana na Waingereza, walioamini kwamba mpira ni mali yao. Austria ilifungwa 4-3, lakini magazeti ya huko huko yaliwasifu wageni.

Kombe la Dunia la 1934 lilichezwa Italia chini ya utawala wa Mussolini. Austria iliishinda Ufaransa, ikaishinda Hungaria, kisha ikakutana na wenyeji katika nusu fainali mjini Milan. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanja umegeuka tope. Luis Monti, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akiichezea Italia, alikabidhiwa kazi moja tu, kumfuata Sindelar popote aendapo. Alimfuata, na alimpiga. Karatasi ikilowa haipeperuki. Italia ilishinda 1-0 na baadaye ikachukua kombe. Kwa jumla Sindelar aliichezea nchi yake mara 43 na kufunga mabao 26.

Mpaka hapo, msomaji, hadithi ni nyepesi. Ndiyo hadithi ya ami yangu kabla yule mzee hajainuka.

Tarehe 12 Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Nchi ilifutwa, ikageuzwa mkoa wa Ujerumani. Meisl, ambaye naye alikuwa Myahudi, alikwisha kufa mwaka mmoja kabla, akaepushwa na aliyoyaona ndugu zake. Klabu ya Austria Vienna ilivamiwa, na viongozi wake Wayahudi wakafukuzwa. Mwenyekiti wao, Daktari Schwarz, akawa mtu ambaye wachezaji walikatazwa hata kumsalimia. Inasimuliwa kwamba Sindelar alikataa amri hiyo, akasema kwamba yeye ataendelea kumwamkia mzee wake kila akutanapo naye.

Tarehe 3 Aprili 1938 Wanazi waliandaa mchezo katika uwanja wa Prater mjini Vienna, baina ya Waaustria na Wajerumani, kusherehekea kuunganishwa kwa nchi mbili. Ulikuwa mchezo wa mwisho wa timu ile. Sindelar, aliyekuwa na miaka 35, alifunga bao, na mwenziwe Karl Sesta akafunga la pili kwa mkwaju wa mbali. Austria, au mabaki yake, ilishinda 2-0. Watu husimulia kwamba kipindi cha kwanza Sindelar alikosa mabao ya wazi kwa makusudi, akiusukuma mpira nje kwa dhihaka, na kwamba baada ya kufunga alikwenda kucheza ngoma mbele ya wakuu wa Kinazi. Bao ni la yakini. Ngoma ile wanahistoria wameitilia shaka.

Baada ya hapo Wajerumani walimtaka katika timu yao ya Kombe la Dunia la 1938. Alikataa. Alitoa udhuru wa umri na goti, na huenda udhuru ulikuwa wa kweli, na huenda moyo wake pia haukutaka. Ujerumani ilikwenda Ufaransa na Waaustria wengine ndani yake, ikatolewa na Uswisi katika hatua ya kwanza kabisa.

Sasa tufike kwenye magunia ya maharagwe.

Wanazi waliufuta mpira wa kulipwa nchini Austria. Sindelar, ambaye kazi yake ilikuwa mpira, alijikuta hana mshahara, na umri umekwenda. Katika mtaa wake wa Favoriten, barabara ya Laxenburger, palikuwa na mkahawa wa mtu aliyeitwa Leopold Drill. Drill alikuwa Myahudi. Kwa sheria na vitisho vya wakati ule, Wayahudi walilazimishwa kuacha maduka, mikahawa na viwanda vyao, navyo vikapewa au kuuziwa wengine kwa bei aliyoitaka mnunuzi na serikali yake. Agosti 1938 Sindelar aliuchukua mkahawa ule kwa mark 20,000. Wako wanaosema kwamba alilipa bei nzuri kuliko wengine. Lakini kuuza kwa mtu aliyeshikiwa kisu si kuuza, na Wayahudi wengi waliouza namna hiyo hawakuruhusiwa hata kuzigusa fedha za mauzo. Drill alipelekwa kambi ya Theresienstadt, akafia huko.

Sindelar hakuufaidi mkahawa ule muda mrefu. Asubuhi ya tarehe 23 Januari 1939 rafiki yake aliukuta mlango umefungwa, akauvunja. Sindelar alikuwa amekufa kitandani, na mwanamke aliyekuwa naye, Camilla Castagnola, hajitambui, naye hakupona. Uchunguzi ulisema ni hewa ya sumu iliyorudi chumbani kwa sababu ya bomba bovu la kutolea moshi, na majirani walikwisha kulalamika juu ya mabomba ya nyumba ile. Maelfu ya watu walimsindikiza kaburini, na katika mji uliokuwa chini ya Wanazi, msafara kama ule ulikuwa na maana yake.

Hapo washairi waliingia. Nasema hili nami ni mmoja wao, nimekula chumvi ya kazi hii tangu nilipotoka chuoni na juzuu yangu kwapani. Friedrich Torberg, mwandishi Myahudi aliyekimbia Vienna, alitunga shairi juu ya kifo cha mchezaji huyo, akamwonyesha kama mtu aliyejiua kwa kuwa dunia mpya haikumwachia nafasi ya kucheza. Shairi lilipendwa mno. Wengine wakasema aliuawa na Wanazi. Kwa miaka mingi vitabu vilimchora Sindelar kama shahidi, aliyewacheka madhalimu akafa kwa ajili hiyo. Mkahawa ulisahauliwa, na Drill akasahauliwa pamoja nao. Mwanzoni mwa karne hii ya 21 habari za mauzo yale zilipotolewa hadharani, Vienna iliguna, kama tulivyoguna sisi kwenye khitma. Paliulizwa hata kama kaburi lake liendelee kuhesabiwa miongoni mwa makaburi ya heshima ya mji.

Mimi simlaumu Torberg. Alikuwa mkimbizi aliyepoteza mji wake, akataka awe na mtu mmoja wa kumlilia. Najua pia kalamu ya mshairi inavyovutwa. Tukimpenda mtu tunatunga kaswida, na kaswida haina beti ya madeni. Lakini tulifundishwa tangu utotoni kwamba dhambi ya mja na Mola wake Mola huisamehe apendapo, na haki ya mja juu ya mja hungoja msamaha wa mwenyewe. Hata shahidi deni lake humngoja. Wala hatukuambiwa kwamba haki hiyo ni ya Muislamu peke yake. Drill alikuwa Myahudi, na mzee yule wa Embu hakuwa wa dini yetu, na mizani ni ile ile.

Basi nimtaje vipi marehemu Sindelar? Namtaja kama nilivyomsoma. Mtoto wa mama mfuaji, aliyelifunga goti lake kitambaa akaifundisha Ulaya kwamba mpira unaweza kuchezwa bila kumuumiza mtu. Alikataa kuivaa jezi ya Hitler, na haikuwa rahisi. Yasemwa alimwamkia Myahudi mmoja barabarani wakati wengine waligeuza uso, na mwaka huo huo alikichukua kiti cha Myahudi mwingine, kikiwa bado kina joto. Yote haya ni mtu mmoja. Nikiliondoa moja nitakuwa nimemzika mwingine, si yeye.

Asubuhi, kabla sijapanda gari la kurudi, nilipita kiwanjani na bin ami. Watoto walikuwa wakicheza katika ukungu, na mmoja wao, mwembamba, ametia mikono ndani ya fulana kwa baridi, alikuwa akiwachenga wakubwa wake kama hawapo. Yule mzee wa maharagwe alikuwa amesimama pembeni akitazama. Alipotuona alikuja, akampa bin ami mkono, akamwambia kwamba baba yake alikuwa akicheza vivyo hivyo, na kwamba katika mji mzima hakuona winga mfano wake. Usiku uliotangulia hakuwa amelisema hilo. Alikuwa hajalipwa.